Mshauri Mkuu wa Giza

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa. Si kwa woga, bali kwa sababu mwaka ule jina lake lilikuwa limekodishwa kwa kampuni ya maji ya chupa, na kulitumia bila kibali ni kosa. Itoshe kusema ilikuwa na milima upande mmoja, bwawa kubwa katikati, na watu wapole kote. Umeme wake ulisimamiwa na Shirika la Umeme na Uvumilivu. Neno la mwisho liliongezwa na Bunge, baada ya wabunge kugundua kuwa ndiyo bidhaa pekee ya shirika hilo iliyokuwa imefika vijijini.

Humo aliishi Dakta Hezroni Kisanduko, mchumi, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama anayesikiliza. Alikuwa amesomea ughaibuni uchumi wa hali ya hewa na nishati, taaluma ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, huuliza swali moja tu: nani alipie moshi? Aliosoma nao walibaki huko huko. Yeye alirudi, akiamini kwamba nchi yenye jua, upepo na mto haiwezi kukosa kazi ya kumpa. Chuo kikuu kilimpokea kwa furaha, kikampa ofisi yenye swichi nne.

Projekta ya darasani haikuwahi kuwaka hata siku moja, kwa hiyo Hezroni alifundisha kwa mwili. Mkono wa kulia ulikuwa mahitaji, wa kushoto ugavi, na bei ilikuwa pale mikono inapokutana, yaani mbele ya pua yake. Bei ya mafuta ilipopanda duniani, alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Wanafunzi walimpenda na wengi walifaulu, ingawa kwenye mtihani walinyanyua mikono na kuitazama kwa muda mrefu, hata wasimamizi kutoka idara nyingine wakadhani wanaomba dua.

Nyumbani, mkewe Yusta alikuwa na biashara ya vifaranga. Mashine yake ya kutotolea mayai ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na ilitaka joto la wiki tatu bila kukatizwa, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa sawa na kutaka theluji. Umeme ukizimika, Yusta aliyatoa mayai akayaviringisha kwenye mablanketi, na yaliyozidi akampa mumewe. Hivyo sehemu kubwa ya utafiti wa Dakta Hezroni iliandikwa akiwa kwenye kochi, trei ya mayai mapajani, shuka limemfunika mpaka kifuani.

"Baba Tulizo, usitingishike," Yusta alimwambia. Tulizo ni binti yao, aliyekuwa shule ya bweni.

"Natingishika wapi? Nafikiri tu."

"Basi fikiri polepole."

Mambo aliyoyafikiri juu ya mayai aliyapeleka Wizara ya Nishati kama ripoti. Alishauri nyaya zibadilishwe, mitambo ya bwawani isafishwe tope, mapaa ya shule yawekwe paneli za jua, na wanaochoma dizeli mchana kutwa walipe kodi ya moshi wao. Ripoti zilipokelewa kwa heshima, zikagongwa mihuri, kisha zikauzwa kwa kilo kwa wauza karanga. Siku moja, akiwa amechoka na goti limemfa ganzi, alimalizia ukurasa kwa sentensi ya uchungu: kama kukatika kwa umeme kungekuwa sera, nchi yetu ingekuwa kinara wa dunia wa kulinda hali ya hewa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomfikia Mheshimiwa Ngurumo, Waziri wa Nishati. Alikuwa garini akila karanga, na zilipokwisha akasoma kifungashio, kama ilivyokuwa desturi yake. Watu wa karibu naye wanasema hivyo ndivyo alivyojiendeleza kielimu. Kesho yake gari la wizara likasimama mbele ya chuo.

"Hii umeandika wewe?" Waziri aliuliza, akiikunjua karatasi yenye mafuta juu ya meza.

Hezroni aliisoma. "Ni mimi, Mheshimiwa. Lakini ulikuwa mzaha."

"Mzaha uko wapi hapa?"

"Pale kwenye neno 'kama'."

Waziri alichukua kalamu nyekundu akalikata neno 'kama', akazirekebisha na zile 'nge', akasoma upya kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Kukatika kwa umeme ni sera, na nchi yetu ni kinara wa dunia wa kulinda hali ya hewa." Akaweka kalamu chini. "Sasa je?"

"Sasa si mzaha tena, Mheshimiwa."

"Hiyo ndiyo kazi ya uongozi." Waziri akaegemea kiti. "Dakta, dunia nzima inahangaika kutafuta nchi isiyotoa moshi. Viwanda vyetu vilizima kabla sijaota ndevu. Treni yetu iko makumbusho. Tumekuwa tukijidharau bure, kumbe tumeendelea mpaka tumepitiliza. Wewe unaonaje?"

Hezroni alikuwa amekusudia kukataa. Maneno ya kukataa yalikuwa tayari yamepanga foleni mdomoni. Lakini tangu arudi nchini hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza anaonaje, na swali lile lilimwingia kama chai ya moto. Akajikuta anajibu. Alieleza kwamba upo mfuko wa kimataifa unaozilipa nchi zinazojizuia kuchafua hewa. Alieleza kwamba moshi ni mgumu kupima lakini giza hupimika kwa urahisi. Alijiambia moyoni kwamba fedha zikipatikana zitabadilisha nyaya, na nyaya zikibadilika giza litakwisha, kwa hiyo njia ya kuliondoa giza ni kuliuza kwanza. Lilikuwa wazo zuri la kiuchumi. Jioni hiyo redio ilitangaza kuwa ameteuliwa Mshauri Mkuu wa Taifa wa Giza.

Yusta alisikia tangazo hilo mpaka nusu, kisha redio ikazima.

Mkutano wa dunia wa hali ya hewa ulifanyika katika jiji la baridi kali, ndani ya ukumbi uliopashwa joto hadi wajumbe wakavua makoti. Hezroni alipopanda jukwaani, projekta iliwaka. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kwa mazoea akainua mikono, wa kulia mahitaji, wa kushoto ugavi, na ukumbi mzima, ukidhani ni ishara ya kuomboleza dunia, ukasimama ukainua mikono pia. Mawaziri wawili walitokwa na machozi. Kabla ya chakula cha mchana Mfuko wa Hewa Tulivu ulikuwa umekubali kuilipa nchi yake kwa kila saa ya giza.

Nyumbani kazi ilianza mara moja. Neno 'kukatika' lilipigwa marufuku, ikaamriwa kwamba umeme haukatiki bali unapumzika. Vibatari na mishumaa vilikatazwa kwa kuwa vinatoa moshi, na wakaajiriwa maofisa wa kukagua giza nyumba kwa nyumba, ambao kwa masikitiko walihitaji tochi. Fundi mmoja wa shirika aliyetengeneza transfoma ya mtaa wake kabla ya saa nne asubuhi alipewa barua ya onyo kwa kuhujumu mafanikio. Mwenzake, ambaye kwa kutafuta waya mmoja aliizimisha mikoa mitatu, alipandishwa cheo na kuvishwa nishani kwenye mkutano wa hadhara.

Kwenye mkutano huo Mheshimiwa Ngurumo alihutubia mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa mengine huwasha taa kwa sababu yanaogopa giza. Sisi hatuogopi kitu. Kila balbu isiyowaka ni askari aliye zamu. Kila jokofu la moto ni jiwe la msingi. Mtoto wa nchi hii akishindwa kusoma usiku, ajue kwamba mahali fulani mbali sana, barafu imepona."

Alisema hayo kwa kipaza sauti kilichotumia jenereta, nalo lilikuwa limefichwa nyuma ya jukwaa na kufunikwa majani ya mgomba.

Hezroni alimsubiri ashuke. "Mheshimiwa, fedha za Mfuko zimeingia. Tuanze na nyaya za mjini au za mikoani?"

"Nyaya?" Waziri alimtazama kwa huruma, kama daktari aliyeulizwa swali na mgonjwa. "Dakta, tukitengeneza nyaya, umeme si utapita?"

Hezroni aliona hesabu ni sahihi. Alikuwa ameiweka yeye mwenyewe. Akarudi nyumbani kwa gari jipya lenye bendera ndogo nyeusi.

Alimkuta mkewe nyuma ya nyumba akifukia mayai. Mayai ya trei zote za mashine yalikuwa yameharibika, na mablanketi hayakutosha. Yusta hakuinua kichwa.

"Ungeniita," Hezroni alisema. "Ningekuja kuyashika."

"Uko ofisini unazima umeme, uje nyumbani uyashike?"

"Mama Tulizo, hili ni jambo la muda. Nchi inajifunga mkanda."

Yusta aliegemea jembe. "Wewe umesoma, mimi sikusoma sana. Lakini mtu akikosa chakula toka asubuhi, nikimkuta amelala kibarazani, siwezi kumsifu kwamba amefunga. Ana njaa huyo. Sasa nyie mnawatangazia wazungu kwamba nchi nzima imefunga." Akarudi kwenye shimo lake. "Niondolee hilo gari, linaziba njia ya kuku."

Maneno hayo yalimfuata Hezroni ofisini. Kwa siku kadhaa alijaribu kuyapinga kwa nadharia, akanyoosha mikono mbele ya kioo cha ofisini, mahitaji na ugavi, na kila mara bei ilikataa kutua puani.

Kisha mvua zikanyesha.

Zilinyesha kwa namna ambayo hata wazee wa idara ya hali ya hewa, waliozoea kutabiri baada ya tukio, walishindwa kuahirisha utabiri. Bwawa lilijaa mpaka mdomoni. Maji yakayasukuma matope yaliyokaa kwenye mitambo tangu enzi za wakoloni, mitambo ikakohoa, ikazunguka, na umeme ukaja nchi nzima ukakaa. Watu walishikwa na hofu. Majokofu yalipoanza kunguruma, familia zilijifungia vyumbani zikidhani ni wezi. Mzee mmoja alikwenda kituo cha polisi kutoa taarifa kwamba balbu yake inawaka tangu Jumanne na haijulikani inataka nini. Kwa Yusta, mayai yaliingia mashineni yakakaa, naye akaanza kuimba asubuhi.

Serikali ilitangaza hali ya dharura. Mheshimiwa Ngurumo alimwita mshauri wake huku taa zote za wizara zikiwaka, kwa kuwa hakuna aliyejua swichi zilipo.

"Tumevamiwa," Waziri alisema. "Mfuko unamleta mkaguzi wiki hii."

"Mheshimiwa, umeme wa maji hauna moshi. Tukiutumia hatuchafui chochote. Tunaweza kumwambia hivyo mkaguzi, na kweli itakuwa habari njema."

"Mkataba unasema nini? Moshi au giza?"

Hezroni alijibu: "Giza."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi utatupatia giza."

Mkaguzi aliitwa Bi. Halvorsen, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kupandia milima, aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza kanda. Serikali ilizima umeme saa moja kabla ndege yake haijatua. Njiani wananchi walipangwa kando ya barabara wakionyesha raha ya kutokuwa na umeme. Wengine walijipepea kwa mabango yenye picha ya Rais. Bi. Halvorsen aliwapungia mkono, kisha akamwambia Hezroni, aliyekaa naye garini, kwamba angependa kuona raia mmoja wa kawaida ambaye hakuandaliwa. Dereva, ambaye hakuwa na maelekezo kwa hali hiyo, alimpeleka nyumba aliyoifahamu zaidi, ya Dakta Hezroni.

Walimkuta Yusta amekaa sakafuni, mablanketi kila upande. Mayai yalikuwa yamefika siku za mwisho kabla ya kutotolewa. Kutoka ndani ya maganda ilisikika sauti nyembamba sana, vifaranga wanalia kabla ya kuzaliwa.

"Shikamoo, bibi," Bi. Halvorsen alisema kwa uangalifu. "Je, giza hili mmelichagua kwa hiari?"

"Marahaba. Kaa hapo," Yusta alisema. Mkaguzi alipokaa, alijikuta amewekewa trei mapajani na kufunikwa shuka. "Usitingishike. Na hilo swali muulize huyo mwenye tai. Ni mume wangu, na ndiye mshauri wa giza."

Bi. Halvorsen alimgeukia Hezroni. Hezroni alikuwa na hotuba mfukoni. Ilikuwa na maneno 'uthabiti', 'dhamira' na 'mustakabali', na ilikuwa nzuri. Lakini mkewe alimpa yai moja lililokuwa limeanza kupasuka, kwa kuwa hakukuwa na mkono mwingine, na kitu kilichokuwa ndani kikamgonga kiganjani. Kiligonga, kikapumzika, kikagonga tena. Hezroni akasahau uthabiti.

"Si hiari," alisema. "Haijawahi kuwa hiari. Hatukuwa na umeme, tukasema tumeuacha. Sasa upo, bwawa linamwaga pembeni, umezimwa leo asubuhi kwa ajili ya macho yako tu. Ukipanda ndege utarudi. Mimi ndiye niliyeandika kila kitu, na nilijua."

Mayai yaliendelea kulia. Yusta alimtazama mumewe kama anavyotazama yai kwenye mwanga kuona kama lina kitu ndani.

"Nimeelewa," Bi. Halvorsen alisema taratibu, asitingishike. "Kwa hiyo tuliwalipa kwa kutofanya kile ambacho hamkuweza kufanya."

"Ndiyo."

"Na sasa mnaweza kukifanya?"

"Sasa tunaweza."

"Hilo linabadilisha mambo kabisa," alisema mkaguzi, na uso wake ukachangamka kwa namna ambayo Hezroni hakuielewa.

Alitarajia kukamatwa. Siku ya tatu wizara ilipomwita, alitia mswaki na soksi mfukoni, akamuaga mkewe mlangoni kwa kumshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya muda mrefu. Lakini Mheshimiwa Ngurumo alimpokea kwa kumkumbatia.

"Dakta, wewe ni hazina. Bi. Halvorsen ametuandikia. Anasema giza la zamani lilikuwa la kukosa, halina thamani, na kwa ungwana wao wametusamehe. Lakini giza la sasa, ambapo umeme tunao na tunauacha, hilo ndilo giza lenyewe. Wameongeza malipo."

Hezroni alishika meza. "Mheshimiwa, umeme uliopo hauwezi kuachwa tu. Maji yanaingia, mitambo inazunguka. Utakwenda wapi?"

"Umekwishaondoka. Tumeuuza kwa jirani, wote, mpaka wa taa za barabarani. Anatulipa kwa mwanga, Mfuko unatulipa kwa giza. Wataalamu wangu wanasema wanakumbuka ulivyowafundisha, mkono huu na mkono huu." Waziri akainua mikono yake minene, ikakutana mbele ya pua. "Si hivi?"

"Lakini mkataba unataka hiari ya wananchi."

"Hiari ya wananchi ipo," Waziri alisema kwa upole, akionyesha kabati nyuma yake. "Inatunzwa hapa wizarani."

Hezroni alisema kwamba katika hali hiyo hawezi kuendelea na kazi. Waziri alikubaliana naye, akamweleza kuwa kazi hiyo tangu jana ilikuwa ya mtu mwingine. Walipiga picha ya pamoja, na gari lenye bendera nyeusi halikumrudisha nyumbani. Alitembea. Njia nzima nyaya zilivuma juu ya kichwa chake, nene, mpya, zimebadilishwa hatimaye, kwa siku tatu tu, kama alivyoshauri miaka yote, zikipita juu ya mapaa bila kushuka popote, zikielekea mpakani.

Yusta hakumlaumu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea chakula, akamwambia kuwa katika vifaranga wale waliokuwa wakilia ndani ya maganda zaidi ya nusu walipona, na kwamba lile yai alilokuwa amelishika limetoa kifaranga mwenye kelele, bila shaka jogoo.

"Sasa tunafanyaje?" Hezroni aliuliza.

"Wewe ndiye mchumi. Kitu ukikihitaji na kimehamia mahali pengine, watu hufanya nini?"

Alifikiri, kwa mara ya kwanza bila kuinua mikono. "Hukifuata."

"Basi mashine inafunguka vipande vinne. Wewe utabeba trei."

Waliaga chuo, wakaacha maelekezo shuleni kwa Tulizo, wakapanda lori la mahindi lililokuwa likienda mpakani. Yusta alikaa juu ya gunia akiwa ameizungushia mikono mashine yake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Hezroni alikaa na mayai, hakutingishika, hata pale barabara ilipotingishika. Upande wa pili wa mpaka mji ulikuwa unawaka mchana kweupe, pamoja na taa zote za barabarani, kwa kuwa jirani naye hakujua bado aufanyie nini umeme mwingi kiasi kile.

Watu walikuwa wengi. Maseremala walikuwa na randa zao, kinyozi alikuwa na mashine yake ya kunyolea shingoni, mama mmoja alikuwa amebeba jokofu kichwani, na madaktari wawili walisukuma kitanda cha kujifungulia. Wanafunzi wake kadhaa walimwona, wakamsalimia kwa kuinua mikono. Foleni ilikwenda bila haraka na bila ugomvi, maana walikuwa watu wapole.

Ofisa wa uhamiaji alitazama pasi, akatazama trei, akamtazama Hezroni.

"Shughuli gani inakuleta, mzee?"

Hezroni alitaka kusema kwamba yeye ni mtaalamu wa uchumi wa hali ya hewa na nishati, kisha akaona safari ilikuwa ndefu na nyuma yake watu wanangoja.

"Nafuata umeme," alisema.

"Wa kwenu?"

"Ulikuwa wa kwetu."

Ofisa hakushangaa. Aligonga muhuri, akarudisha pasi, akanyoosha kidole.

"Endelea na foleni hiyo hiyo ya kushoto. Ya kulia usiingie, ni ya wanaofuata maji, nayo ya kwenu."